Steve Furber

Stephen Byram Furber (anajulikana zaidi kama Steve Furber, alizaliwa Manchester, Uingereza, 21 Machi 1953) ni mhandisi na msanifu wa kompyuta. Anajulikana hasa kwa kazi mbili alizofanya katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge miaka ya 1980. Ya kwanza ni kompyuta ya BBC Micro, ambayo wanafunzi wengi wa Uingereza walijifunzia kuandika programu. Ya pili ni kichakataji cha kwanza cha ARM, alichokisanifu pamoja na Sophie Wilson. Mwaka 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester akiwa profesa wa uhandisi wa kompyuta, na huko aliongoza ujenzi wa SpiNNaker, mashine inayoiga utendaji wa seli za ubongo.

Kichakataji ni kile kipande cha silikoni ndani ya kompyuta au simu kinachotekeleza amri za programu, moja baada ya nyingine. Vichakataji vya ukoo wa ARM vimo katika karibu simu zote za mkononi duniani. Sababu kubwa ni kwamba vinatumia umeme kidogo sana. Ndiyo maana kazi iliyoanza katika chumba kidogo cha wahandisi wachache huko Cambridge inagusa hata maeneo yaliyoko mbali na nyaya za umeme, kama vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma.

Maisha ya awali na elimu

Furber alizaliwa na kukulia Manchester, mji wenye nafasi ya pekee katika historia ya kompyuta. Mwaka 1948, miaka mitano kabla ya kuzaliwa kwake, Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliwasha katika chuo kikuu cha mji huo kompyuta ya kwanza ya elektroniki iliyohifadhi programu yake katika kumbukumbu ya ndani.

Alisoma katika shule ya Manchester Grammar School na kuonyesha kipaji cha hisabati. Mwaka 1970 alikuwa katika timu ya Uingereza kwenye mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi yaliyofanyika Hungaria, akapata medali ya shaba. Baadaye alijiunga na St John's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alipata shahada ya hisabati mwaka 1974.

Utafiti wake wa udaktari haukuhusu kompyuta. Ulihusu mwendo wa hewa, hasa jinsi wadudu wadogo wanavyoruka. Mtaalamu wa wanyama kutoka Denmark, Torkel Weis-Fogh, alikuwa ameonyesha kwamba baadhi ya wadudu hupiga mabawa yao yakakutana juu ya mgongo, kisha huyafungua ghafla, na kwa njia hiyo hupata nguvu ya kupaa kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Furber alichunguza kama kanuni hiyo ingeweza kutumika katika mitambo yenye mapanga yanayozunguka. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1980.

Wakati huohuo alikuwa mwanachama wa klabu ya wanafunzi wa Cambridge waliojiundia kompyuta zao wenyewe. Vichakataji vidogo vilikuwa vimeanza kuuzwa kwa bei ambayo mtu binafsi angeweza kuimudu, lakini kompyuta iliyokamilika bado ilikuwa ghali. Furber alinunua chipu, akasoma maelezo yake na kuunganisha waya kwa mkono. Hakuwahi kusomea uhandisi wa elektroniki darasani. Aliujifunza kwa kuunda.

Kujiunga na Acorn

Mwaka 1978 Hermann Hauser, mwanafizikia kutoka Austria, na Chris Curry, mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki, walianzisha kampuni ndogo mjini Cambridge ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Acorn. Hauser aliwatafuta vijana wa klabu ile ya kompyuta. Furber alianza kuwasaidia kwa muda wake wa ziada huku akiendelea na utafiti. Mwingine aliyejiunga nao alikuwa Sophie Wilson, mwanafunzi aliyesanifu kompyuta ya kwanza ya kampuni hiyo, Acorn System 1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979.

Mwaka 1981 Furber aliacha utafiti wa mwendo wa hewa na kuajiriwa na Acorn. Kuanzia hapo yeye na Wilson walifanya kazi pamoja kwa karibu miaka 10. Kwa jumla Furber alishughulikia vifaa, yaani saketi na mpangilio wa sehemu za mashine, na Wilson alishughulikia lugha na amri ambazo mashine ingezielewa.

BBC Micro

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliandaa mradi wa kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta kwa njia ya televisheni. Lilihitaji kompyuta moja ambayo watazamaji wangeweza kuinunua na kufuata masomo kwa vitendo. Makampuni kadhaa yalitaka kazi hiyo.

Wawakilishi wa BBC walipopanga kuja Acorn, kampuni ilikuwa na michoro tu ya kompyuta mpya na haikuwa na mashine ya kuonyesha. Siku ya Jumapili Hauser alimpigia simu Wilson kumwuliza kama mfano unaofanya kazi ungeweza kuundwa kabla ya Ijumaa. Wilson alisema haiwezekani. Hauser akamwambia kwamba Furber amekubali. Kisha akampigia Furber na kumwambia kwamba Wilson amekubali. Wote wawili wakakubali kwa shingo upande. Timu ilifanya kazi usiku na mchana wiki nzima, na mashine iliwaka asubuhi ya Ijumaa, saa chache kabla ya wageni kufika. Acorn ikapata mkataba.

Kompyuta hiyo ilizinduliwa Desemba 1981 kwa jina la BBC Micro. Ilitumia kichakataji cha 6502 kilichokwenda kwa kasi ya megahezi 2. Toleo la Model A lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 na lile la Model B kilobaiti 32. Jambo moja la kiufundi lilichangia kasi yake. Katika kompyuta nyingi za wakati huo kichakataji na sehemu inayochora picha kwenye skrini viligombea kumbukumbu, hivyo kimoja kilimsubirisha mwenzake. Katika BBC Micro kumbukumbu iliendeshwa kwa kasi maradufu, na sehemu hizo mbili zilipeana zamu bila yoyote kusubiri.

BBC ilidhani kwamba zingeuzwa kompyuta 12,000 hivi. Zikauzwa zaidi ya milioni moja. Serikali ya Uingereza ilichangia nusu ya bei kwa shule, na BBC Micro ikawa kompyuta ya kawaida madarasani. Ilikuwa na matundu mengi ya kuunganishia vifaa vya nje, hivyo walimu waliitumia hata kupima joto au kuendesha mitambo midogo katika maabara.

Kuzaliwa kwa ARM

Mafanikio hayo yalileta swali jipya. Kichakataji cha 6502 kilikuwa kimefika mwisho wa uwezo wake, na Acorn ilihitaji kingine chenye nguvu zaidi. Furber na Wilson walipima vile vilivyokuwa sokoni na hawakuridhika. Viligharimu fedha nyingi, vilikuwa na amri nyingi tata, na vilichelewa kuitikia kifaa cha nje kilipohitaji huduma. Zaidi ya hayo, havikuweza kupokea data kwa kasi ambayo kumbukumbu za wakati huo ziliweza kuitoa. Ilikuwa kama bomba kubwa la maji lililofungwa koki ndogo.

Wakati huo watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, wakiongozwa na David Patterson, walikuwa wamechapisha wazo lililoitwa RISC, yaani kompyuta yenye seti ndogo ya amri. Wazo lenyewe ni rahisi. Kichakataji cha kawaida cha miaka hiyo kilikuwa na amri moja inayoweza kufanya mambo mengi: kuchukua namba kwenye kumbukumbu, kuijumlisha na nyingine na kurudisha jibu mahali pake. Amri kama hiyo inahitaji saketi nyingi na hatua nyingi. Kichakataji cha RISC hugawanya kazi hiyo katika amri tatu au nne nyepesi: chukua, jumlisha, rudisha. Programu huwa ndefu zaidi, lakini kila amri humalizika haraka, na chipu yenyewe huwa ndogo na rahisi kusanifiwa.

Hata hivyo, kusanifu kichakataji kulidhaniwa kuwa kazi ya makampuni makubwa yenye mamia ya wahandisi. Oktoba 1983 Furber na Wilson walisafiri hadi jimbo la Arizona, Marekani, kutembelea kampuni ya Western Design Center iliyokuwa ikiendeleza kichakataji cha 6502. Walitarajia kukuta majengo makubwa na mitambo ya gharama. Walikuta nyumba ya kawaida katika mtaa wa makazi, na wanafunzi waliokuja kufanya kazi wakati wa likizo. Walirudi Cambridge wakiamini kwamba kama watu wale wanaweza, hata wao wanaweza.

Wilson alibuni seti ya amri na Furber akasanifu muundo wa ndani wa kichakataji, yaani njia ambazo data ingepita na mpangilio wa saketi zinazotekeleza kila amri. Ili kuhakikisha kwamba wazo linafanya kazi kabla ya kutumia fedha za kutengeneza chipu, Furber aliandika programu ya kuiga kichakataji kizima. Aliiandika kwa lugha ya BASIC ya BBC Micro, kwa mistari 808 tu. Kwa hiyo kompyuta waliyoiunda miaka miwili kabla ndiyo iliyotumika kupima kichakataji kipya.

Hauser alizoea kusema kwa utani kwamba aliipa timu hiyo vitu viwili ambavyo makampuni makubwa hayakuwapa wahandisi wao: kutokuwa na fedha na kutokuwa na watu. Maneno hayo yanaeleza umbo la ARM. Kwa kuwa walikuwa wachache, hawakuweza kusanifu kitu tata, na kila kisichohitajika kiliachwa nje. Kichakataji kilichotokea, ARM1, kilikuwa na transista 25,000 hivi. Intel 80386, kilichotangazwa na kampuni ya Intel mwaka huohuo wa 1985, kilikuwa na transista 275,000.

Jina ARM lilitokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mashine ya RISC ya Acorn".

Jaribio la 26 Aprili 1985

Chipu za kwanza zilitengenezwa na kampuni ya VLSI Technology ya Marekani na kufika Cambridge tarehe 26 Aprili 1985. Zilichomekwa kwenye ubao uliounganishwa na BBC Micro na zikafanya kazi siku hiyohiyo. Jambo hilo si la kawaida, kwani mara nyingi chipu mpya hurudishwa kiwandani kurekebishwa mara kadhaa.

Mshangao mkubwa ulihusu umeme. Furber alitaka kujua kichakataji kinatumia kiasi gani, hivyo akaunganisha ammita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, kwenye waya unaokilisha. Kipimo kilionyesha sifuri, ilhali kichakataji kilikuwa kikiendesha programu. Alipochunguza aligundua kwamba ubao ulikuwa na hitilafu na kichakataji hakikuwa kimeunganishwa na chanzo chake cha umeme kabisa. Kilikuwa kikifanya kazi kwa umeme kidogo uliovuja kutoka kwenye waya za mawasiliano zilizokizunguka.

Umeme mdogo namna hiyo haukuwa lengo la awali. Lengo lilikuwa kuokoa fedha. Chipu zenye joto kali zilihitaji kufungwa katika kasha la kauri, ambalo ni ghali. Kasha la plastiki ni rahisi, lakini linastahimili joto la wati 1 hivi tu. Wasanifu hawakuwa na vifaa vya kukadiria matumizi ya umeme kwa usahihi, kwa hiyo walibana kila mahali ili wasivuke kiwango hicho. Walibana kupita walivyokusudia: ARM1 ilitumia takriban moja ya kumi ya wati. Wakati huo kompyuta zote za Acorn zilichomekwa ukutani, na sifa hiyo haikuwa na faida kubwa kwao. Thamani yake ilionekana miaka kadhaa baadaye, vifaa vya kubebwa mkononi vilipokuja.

Kutoka kompyuta za Acorn hadi simu

Acorn yenyewe ilikuwa katika matatizo. Soko la kompyuta za nyumbani nchini Uingereza lilianguka mwishoni mwa 1984, na mwaka 1985 kampuni ya Olivetti ya Italia ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake. Kazi ya ARM iliendelea, na mwaka 1987 Acorn ilizindua Archimedes, kompyuta iliyotumia toleo la pili la kichakataji hicho. Ilikuwa na kasi kubwa kwa bei yake, lakini haikuweza kushindana na kompyuta za aina ya IBM ambazo tayari zilikuwa zimeenea duniani.

Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology zilianzisha kampuni mpya ya kuendeleza kichakataji hicho peke yake. Apple ilikuwa ikitafuta kichakataji kwa ajili ya Newton, kifaa cha mkononi kinachotumia betri. Newton haikuuzwa vizuri, lakini kampuni mpya ilipata njia yake ya biashara. Haikujenga viwanda wala kuuza chipu. Iliuza leseni za usanifu wake, na kampuni nyingine zikatengeneza chipu na kulipa ada kwa kila moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vichakataji vya ARM viliingia katika simu za Nokia, na baadaye katika simu za makampuni mengine. Simu janja zilipoenea baada ya 2007, ARM ilikwisha kuwa chaguo la kawaida. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba jumla ya chipu zilizokwisha kutengenezwa kwa usanifu wake imepita bilioni 200. Usanifu huohuo umetumika pia katika Fugaku, kompyuta kubwa ya Japani iliyoshika nafasi ya kwanza kwa kasi duniani mwaka 2020.

Furber hakujiunga na kampuni hiyo. Mwaka uleule wa 1990 alirudi Manchester.

Utafiti Manchester

Katika Chuo Kikuu cha Manchester Furber alishika kiti cha uprofesa chenye jina la ICL, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza kompyuta. Swali lililomwongoza lilikuwa lilelile: kompyuta inaweza kufanya kazi yake kwa umeme mdogo kiasi gani?

Mradi wake wa kwanza mkubwa uliitwa AMULET. Karibu kompyuta zote huongozwa na saa ya ndani inayotoa mapigo mamilioni kwa sekunde, na sehemu zote za chipu huenda pamoja kwa mapigo hayo, kama waendesha mtumbwi wanaofuata sauti ya kiongozi wao. Tatizo ni kwamba mapigo hutumia umeme hata kama sehemu nyingi hazina kazi. Vichakataji vya AMULET vilitekeleza amri za ARM bila saa. Kila sehemu ilianza kazi ilipopokea data na kutulia ilipomaliza. Matoleo matatu yaliundwa kati ya 1990 na 2000. Hayakuenea sokoni, lakini yalithibitisha kwamba njia hiyo inawezekana.

Mradi wa pili ni SpiNNaker. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86 na hutumia wati 20 hivi, chini ya taa nyingi za kizamani za nyumbani. Hakuna kompyuta inayokaribia hapo. Furber na wenzake waliunda mashine ambamo vichakataji vingi vidogo vya ARM vinatumiana ujumbe mfupi sana, kwa mfano wa seli za neva zinavyopelekeana mapigo. Kila chipu ina viini 18 vya ARM. Mwaka 2018 mashine hiyo iliwashwa ikiwa na viini zaidi ya milioni moja, ikiwa sehemu ya mradi wa Umoja wa Ulaya wa kuchunguza ubongo wa binadamu. Hutumiwa na watafiti wa neva kujaribu nadharia zao na na wahandisi wa roboti. Hata hivyo inaweza kuiga sehemu ndogo tu ya ubongo mzima, na inatumia umeme mwingi zaidi ya ubongo wenyewe.

Furber ameandika vitabu vya kufundishia usanifu wa vichakataji, kikiwemo ARM System-on-Chip Architecture. Aliongoza pia kamati ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, iliyotoa mwaka 2012 taarifa kuhusu ufundishaji wa kompyuta shuleni. Taarifa hiyo ilisema kwamba shule nyingi ziliwafundisha wanafunzi kutumia programu za ofisini tu, bila kuwaonyesha jinsi kompyuta inavyofanya kazi au jinsi ya kuandika programu. Mtaala mpya wa kompyuta ulianza kutumika England mwaka 2014.

Umuhimu kwa Tanzania na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Historia ya kompyuta Tanzania inaonyesha tofauti iliyoletwa na vichakataji vidogo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ambayo mwaka 1968 iliungana na nyingine kuwa ICL. Mashine za namna hiyo zilijaza chumba, zilihitaji kipoza hewa, wataalamu wa kigeni na vipuri vilivyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Kufuatia matatizo ya matumizi yake katika hesabu za serikali, mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980.

Hata baada ya hapo kompyuta ya mezani ilibaki kifaa cha mijini, kwa sababu inahitaji umeme wa uhakika. Mkoa wa Kigoma ni mfano mzuri. Uko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa reli ya kati, na kwa miaka mingi haukuunganishwa na gridi ya taifa. Mji wa Kigoma, pamoja na Ujiji, ulipata umeme wa majenereta ya dizeli, na vijiji vingi vya mwambao havikuwa na umeme kabisa. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ya zamani hutumia zaidi ya wati 100. Mahali kama hapo haikuwa rahisi kuitumia.

Simu ya mkononi ni kompyuta iliyoweza kufika huko. Betri yake hujazwa kwa paneli ndogo ya sola juu ya bati, au kwa kulipia kidogo katika duka lenye jenereta. Simu ndogo ya vitufe, ambayo Watanzania huiita kiswaswadu, hukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Mvuvi wa dagaa anayerudi mwaloni Kibirizi alfajiri anaweza kuuliza bei kabla ya kuuza, na mchuuzi wa Ujiji anaweza kupokea malipo kutoka kwa mteja wa Tabora au Dar es Salaam. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na baada ya hapo simu ikawa mahali pa kuweka akiba kwa watu wengi wasio na tawi la benki karibu.

Si sahihi kusema kwamba ARM peke yake ndiyo iliyoleta mabadiliko hayo. Kulihitajika minara, ushindani wa makampuni ya simu, mawakala na bei nafuu za vifaa. Pia sehemu kubwa ya umeme katika simu huliwa na skrini na redio ya mawasiliano. Lakini kama kichakataji chenyewe kingetumia wati kadhaa kama vile vya kompyuta za mezani, betri ndogo isingetosha na simu ya bei ya chini isingewezekana. Uamuzi wa kukwepa kasha la kauri ili kupunguza gharama, uliofanyika Cambridge kwa sababu nyingine kabisa, ulisaidia kufanya kompyuta iwe kitu kinachoweza kufanya kazi mahali pasipo na nguzo ya umeme.

Urithi huo unaonekana pia katika elimu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyozinduliwa Cambridge mwaka 2012, hutumia kichakataji cha ARM, na matoleo yake ya mwanzo yaliitwa Model A na Model B kwa kuikumbuka BBC Micro. Inaweza kuendeshwa kwa betri au sola, jambo linaloifaa shule isiyo na umeme wa gridi.

Tuzo na heshima

Furber alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 2002, na mwaka 2008 alipewa nishani ya CBE na Malkia wa Uingereza. Mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia ya Finland. Mwaka 2012 yeye na Sophie Wilson waliheshimiwa na Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California kwa kazi yao ya BBC Micro na ARM. Mwaka 2022 wawili hao walipata Tuzo ya Charles Stark Draper, mojawapo ya tuzo kubwa za uhandisi duniani, pamoja na David Patterson na John Hennessy, Wamarekani ambao utafiti wao ulieneza wazo la RISC.